Mkono wa Kilo Moja na Robo

Shaame kaja nao ndani ya mfuko wa mbolea,
kauchimbua kwenye konde la muhogo, Kangagani,
akidhani ni bomba.
Kautupa juu ya mizani, ukalia.
Chuma hakilii vile. Nimekaa na shaba
miaka thelathini na miwili hapa Wete,
naijua sauti ya kitu kilicho kitupu
na sauti ya kitu kilichofanywa kitupu kwa makusudi.

Mkono wa mtu. Wa kushoto.
Umekatika juu kidogo ya kifundo,
kidole cha shahada hakipo,
kucha zilizobaki zimekatwa vizuri, na mshipa mmoja umevimba
kama wa mtu aliyetua ndoo sasa hivi.
Umeota kijani, kijani cha kisima kisichotekwa.

"Kilo moja na robo," nikamwambia.
"Kwa bei ya jana au ya leo, fundi?"
"Ya leo."
Akaondoka anahesabu.

Tajiri wa Unguja alikuwa ananingoja:
njumu sitini za mlango, Ijumaa ziwe melini.
Shaba niliyonayo ni ya njumu hamsini.

Ustadhi Faki alipita, akachungulia, akakunja uso.
"Sanamu hilo, Msellem."
"Mkono huu, Ustadhi. Wenye uso ni wewe."
Akacheka bila kutaka, akenda zake.

Mwalimu Zuwena, asomeshaye historia, yeye aliukamata
kama anayeamkiana nao.
Akaniambia zamani, katika miji ya mbali,
watu wa shaba walisimama sokoni kwa maelfu,
na karibu wote waliyeyushwa:
mfalme akawa mzinga,
mzinga ukawa kengele,
kengele ikawa pesa, pesa ikanunua samaki.
Waliosalimika walisalimika kwa ajali,
jahazi lilizama nao, nyumba iliwaangukia.
"Aliyezikwa ndiye aliyebaki," akasema.
Nikanyamaza. Mwenye tanuri ni mimi.

Usiku nikauosha kwa ndimu na majivu.
Kazi yenyewe naijua, ingawa sijawahi kufanya mtu:
unaunda kwa nta,
unaivika nta udongo,
unaupeleka udongo motoni,
na nta inatoka kwa kitundu kidogo, inalia, inakwisha.
Unachobaki nacho ni nafasi yake.
Humo ndimo unamomimina shaba na bati.
Kwa hiyo kila sanamu ni umbo la kitu kilichokwishaondoka,
na fundi ndiye shahidi wa mwisho kukiona.

Nikatia tochi ndani ya kifundo.

Mle, upande ambao hakuna mnunuzi angeuangalia,
nyuma ya kiganja,
alama ya dole gumba.
Mistari yake imezungukana
kama kitovu cha kawa, pale ukili unapoanzia.
Mtu aliikandamiza nta ikae sawa, akaendelea na kazi,
pengine anawaza chakula cha mchana,
na shaba ikaingia ikamkuta hayupo, ikamshika.

Mwenye mkono ule simjui. Sultani, mtakatifu, tajiri,
atajuana na wanaomtafuta.
Mimi niliingiza dole langu mle ndani
likakaa.
Kubwa kidogo kuliko lake. Likakaa.

Alfajiri nikawasha tanuri.
Nikatia vipande vyote, na mabaki ya bomba, na kitasa,
na havikutosha.
Nikalichukua dele langu la kahawa,
la kwanza nililofua, lenye mdomo uliopinda
ambao Mkasi huuita mdomo wa mkwewe,
nikalitia.

Njumu sitini zimeondoka Ijumaa.
Kumi kati yao zina wekundu wekundu;
tajiri akiuliza, nitasema ni mtindo.

"Na kahawa?" akauliza Mkasi.
"Sufuriani."
Hajasema neno tangu hapo, ila mkono ule
kautilia kitambaa chini, juu ya kabati,
usiukwaruze mbao.

Jana Shaame karudi, mfuko umemlemea upande mmoja.
"Fundi," kasema, anahema,
"leo nadhani ni bega."
Nikaitazama mizani. Nikatazama ndani ya nyumba
nikihesabu vyombo vilivyobaki.